Darubini Tatu na Kofia Niliyoinua

Kwa nyinyi mlioniuliza sokoni, na kwa wale waliomtuma mke wangu aniulize: ndiyo, tulirudi salama, na ndiyo, darubini ilipatikana. Iko kwa Daktari, imefunikwa kwa kitambaa cha kijani, na mkienda kwa adabu atawaruhusu mchungulie. Lakini najua swali lenu si hilo. Mnataka kujua kwa nini tuliaga kwa siku mbili tukarudi baada ya tano, kwa nini Owino amekuwa mpole, yeye ambaye hanyamazi hata akinyolewa, na kwa nini msimu huu anayepanda kilima si mimi. Nitayaeleza kwa kufuata njia tuliyopita. Mambo ya barua na leseni nayaruka, maana hata mimi yalinichosha.

Kwa wasioijua kazi yangu, mimi nilikuwa kiongozi wa wawindaji wa ndege. Wanyama tulikatazwa kuwinda zamani, lakini kanga na kwale bado wanaruhusiwa msimu wao ukifika. Kuna wazee sita wa Homa Bay na Kisumu, Daktari akiwa mkubwa wao, wanaopenda kuwafuata ndege hao mbali na barabara, bondeni Lambwe na kule mpakani upande wa Ogwedhi. Kazi yangu ilikuwa kutangulia kilimani, kuangalia bonde lote, na kuhakikisha hakuna mtu wala mfugo mbele ya bunduki. Nikiona bonde ni tupu, nainua kofia. Kofia ikiinuka, wanaume wa fimbo wanaingia kwenye nyasi, ndege wanaruka, bunduki zinalia. Kofia isipoinuka, hata waziri angekuja na bunduki yake angengoja.

Msimu uliopita, karibu na Ogwedhi, niliinua kofia na bondeni kulikuwa na mtu. Mama mmoja wa Kikuria, anaitwa Mama Robi, alikuwa anakata nyasi za kuezekea pembeni mwa kichaka. Marisau, zile risasi ndogo ndogo za ndege, yalimwingia mkono wa kulia. Hakufa, Mungu alisaidia. Daktari alimfunga jeraha pale pale na kumkimbiza hospitali, na baadaye wazee walimpelekea mtamba na maneno ya kuomba radhi. Mimi sikwenda. Nilisema nina malaria. Nilikuwa nayo kidogo.

Tangu siku hiyo kila mtu amekuwa mwema kwangu, na taabu yangu ilianzia hapo. Daktari alisema kosa ni la ile darubini ya macho mawili niliyokuwa nayo shingoni, ya zamani, lenzi zimekwaruzika. Wengine wakaitikia. Wakaamua hatutarudi Ogwedhi mpaka niwe na darubini ya maana, ile ya jicho moja inayosimama kwenye miguu mitatu, inayoweza kukuonyesha mtu akijikuna ng'ambo ya bonde. Daktari alikuwa amesikia habari za darubini tatu zinazouzwa: moja Asumbi, moja Osiri, moja Ogwedhi kwenyewe. Mambo ya bei aliyamaliza yeye. Mimi niliambiwa niangalie, nichague, nirudi nayo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitaka kupata kioo kizuri sana, ili kila mtu, na mimi nikiwa wa kwanza, aone wazi kwamba kile cha zamani ndicho kilichonidanganya.

HOMA BAY HADI ASUMBI

Tuliondoka asubuhi na Landrova ya Daktari, Owino kwenye usukani. Owino tulisoma naye darasa moja na kuchapwa na mwalimu mmoja. Siku ya ajali alikuwa chini, kwenye gari, kwa hiyo hakuona kitu, na hilo halijawahi kumzuia kusimulia.

Mwenye darubini ya kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi, Mwalimu Perpetua, anayekaa mbele kidogo ya misheni. Darubini aliachiwa na mtawa mmoja mgeni aliyerudi kwao. Tulimkuta amevaa gauni la kwenda kanisani. Mezani kulikuwa na chai, sufuria ya nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja hadi yakapasuka, na daftari nene lililojaa majina ya ndege.

"Daktari aliniandikia kwamba anayekuja anawajua ndege kuliko yeye," akasema. "Karibu, wuoda. Nimengoja mtu kama wewe miaka."

Kuitwa mwanangu na mwalimu wa namna ile, kichwa kilivimba. Akaniuliza habari za kanga, sisi tunamwita *aweno*, nikamweleza anakolala, anavyoshuka mtini asubuhi, anavyotanguliza majike wazee. Alikuwa anaandika. Niliona ametulia kabisa, na mimi nikazidi kuongea.

"Na ukishawapata unawaangalia muda gani?"

"Mpaka waruke, mwalimu."

"Halafu?"

Nilikuwa bado natafuta jibu. Owino, mdomo umejaa nyoyo, akanisaidia. "Halafu tunawachoma, mwalimu. Wako tamu sana na kitunguu."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alifunga daftari. Kisha akamwongezea Owino chai, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu heshima hiyo hatukuistahili tena. "Hii darubini," akasema, "haijawahi kuangalia kitu ili kife. Siwezi kuwapa. Mwambieni Daktari nimekataa mimi. Lakini mmetoka mbali. Njoo nikufundishe jinsi ya kuchagua, usije ukadanganywa mbele."

Akamtuma Owino akabandike karatasi ya gazeti kwenye ghala la jirani, ng'ambo ya shamba la viazi. Darubini ilikuwa na vipande viwili vya kuchungulia, kimoja cha kukuza mara ishirini, kingine mara sitini. Kwa kile cha ishirini nilisoma kichwa cha habari vizuri. Akaweka cha sitini.

"Umeona nini?"

"Imekuwa kubwa zaidi."

"Sikukuuliza ukubwa, wuoda. Umeona nini?"

Nikachungulia tena. Herufi zilikuwa nene, lakini zilicheza kama zimeandikwa juu ya maji, na karatasi ilikuwa imefifia. Sikuweza kusoma hata moja.

"Watu wananunua namba," akasema. "Namba ikipanda, mwanga unashuka, na joto la ardhi linatetemesha kila kitu. Angalia upana wa lenzi ya mbele, huko ndiko mwanga unaingilia. Halafu ujue kwamba ukikuza sana, mahali unapoona panakuwa padogo. Unaweza kuona sikio la mtu usijue ana mwenzake kando."

Neno la mwenzake kando lilinichoma. Nilijiuliza kama Daktari alimwandikia na habari za ajali, nikaona haya kuuliza. Tulipoaga alitufungia nyoyo zilizobaki, na kifurushi akampa Owino, aliyesema kweli.

KUKWAMA RONGO

Kabla ya kufika Rongo mkanda wa feni ulikatika. Fundi alipelekewa ujumbe. Fundi alikuwa kwenye matanga. Fundi angekuja kesho. Tukakaa kando ya barabara tukihesabu matrekta ya miwa, kila moja likimwaga vipande viwili vitatu kwenye kona. Owino alitafuna alivyoviokota mpaka midomo ikaanza kumuuma.

Kulikuwa na mama anayechemsha mahindi kwenye debe. Alituuzia, akatukopesha kigoda, na Owino akaona huo ndio wakati wa kusimulia. Akamweleza ajali yote: kilima, kofia, kanga, mlio. Husimulia vizuri, naapa, unaweza kudhani alikuwa amekaa begani kwangu. Akamaliza kama anavyomaliza siku zote: "Lakini si kosa yake, mama. Ni glasi ilikuwa mbaya. Ilimdanganya."

Mama wa mahindi alitikisa kichwa kwa huruma, akaniangalia, akasema pole. Wote husema pole. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiuliza. "Na huyo mama, saa hii yuko aje?"

Owino alinitazama. Mimi nikatazama barabara.

"Yuko sawa," Owino akasema.

"Mkono unafanya kazi?"

"Nadhani."

Yule mama alifunika debe lake kwa gunia, akahudumia mteja mwingine. Tulikuwa tumesimulia habari hii mwaka mzima, Homa Bay nzima inaijua, na hakuna kati yetu aliyejua kama mkono wa yule mama unakunjika au haukunjiki. Nilikasirika. Kwa aibu nawaambia kwamba nilimkasirikia mama wa mahindi.

MIGORI HADI OSIRI

Fundi alikuja siku ya pili adhuhuri, akaweka mkanda, tukafika Migori tumechoka. Kesho yake tukashuka Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Mwenye darubini alikuwa na duka la karai, kamba na tochi. Aliinunua kwa mtafuta madini aliyeishiwa akaondoka. Ilikuwa inang'aa, nyeusi, imeandikwa namba kubwa kwa rangi ya dhahabu. Owino aliipenda kabla haijatoka kwenye begi.

Duka lilikuwa chini, huoni popote, basi tukapanda kwenye rundo la mawe yaliyochimbwa, tukasimamisha miguu mitatu, nikainama kuchungulia. Tulifanya ujinga, ila wakati ule hatukujua. Nilipoinua kichwa, wanawake waliokuwa wanaosha mchanga walikuwa wameacha karai zao. Wanaume walikuwa wanatoka mashimoni mmoja mmoja, wamejaa udongo mpaka nyusi, na wote wanatuangalia.

"Ni hao watu wa survey," mmoja akasema. "Wamekuja kupima shamba wauze."

"Hapana, ndugu zangu," Owino akasema. "Sisi tunatafuta kanga."

Hapo ndipo alipoharibu. Mtu aamini kwamba wanaume wawili wametoka Homa Bay na Landrova kutafuta kuku wa porini kwenye machimbo? Kelele zilipanda. Mwenye duka alituruka, akasema hajawahi kutuona. Ikaamuliwa kwamba tungoje mwenyekiti wao, na mwenyekiti alikuwa shimoni, na akiwa shimoni haitwi. Atatoka akitoka.

Tulingoja nusu siku, tumekaa juu ya mawe kama bidhaa ambayo haijapata mnunuzi. Lakini niwape haki yao: hakuna aliyetugusa, na chakula kilipoiva tulipewa kwanza. Samaki ngege wa kukaanga na ugali wa mtama, na mama mmoja mzee, Nyar Karungu, alikuja kukaa nasi ili tusile peke yetu. Alipomaliza kula alinawa, akaketi mbele ya darubini bila kuomba ruhusa, akachungulia. Alikaa sana. Nilidhani amelala.

"Ndani ina uchafu," akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapa kando. Kama uzi."

Nilikuwa nimeichungulia mara tatu nikaona ni safi. Nikaangalia tena alipoonyesha. Kweli, ukungu ulikuwa umeanza kutambaa kwenye ukingo wa lenzi, nyuzi nyembamba nyembamba. Ukungu ukishaingia ndani ya kioo hautoki, na mvua mbili zijazo ungefika katikati. Mwenye duka, ambaye sasa alikuwa ametukumbuka, alianza kusema ni vumbi. Nyar Karungu alimwangalia mpaka akaacha.

Mwenyekiti alipotoka, alizunguka miguu mitatu mara moja, akacheka. "Ya survey inaning'inia timazi hapa katikati," akasema. "Hii iko na nini? Hii ni ya kuchungulia mabibi za watu. Waacheni waende." Tukaenda, na darubini tukaiacha.

OGWEDHI, SIKU YA MNADA

Kesho yake, kutoka Uriri kwenda Ogwedhi, mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi wa kule ukilowa hautaki gari. Tulisukuma zaidi ya kupanda. Tulifika mnada ukiwa umechangamka: ng'ombe kutoka upande wa Narok, mbuzi, Wamaasai, Wakuria, Wajaluo, na kila mtu anaongea Kiswahili chake mwenyewe.

Mwenye darubini ya tatu alikuwa dalali wa ng'ombe, mzee Parmuat. Hatukumkuta mnadani. Tulielekezwa kwenye mwinuko nje ya soko, akiwa amekaa kwenye kigoda, darubini mbele yake, fupi, nene, imevalishwa mpira wa kijani uliochubuka. Kipande cha kuchungulia kimeinama ili usivunjike shingo. Lenzi ya mbele ni pana kama kikombe cha chai.

"Ng'ombe akifika sokoni anapigwa maji, anasimamishwa vizuri, anapendeza," alituambia. "Mimi namwangalia huko njiani. Huko hajui kama anaangaliwa. Nikishuka, najua nani mgonjwa." Alikuwa anaiuza kwa sababu goti halimruhusu tena kupanda pale.

Akaniachia kigoda. "Kundi linakuja kule. Yule mwekundu, wa tatu. Ana shida gani?"

Niliinama. Nawaambia, niliona pembe. Niliona inzi. Picha ilikuwa pana, yenye mwanga, imetulia, na furaha iliyonipata ilikuwa kama ya mtu aliyeachiwa na polisi. Nikasema, "Hana shida, mzee."

"Angalia."

Nikaangalia. Nikaacha kufurahi, nikamfuata yule ng'ombe hatua kwa hatua, na baada ya muda nikaona mguu wa nyuma wa kushoto unawahi kunyanyuka, kidogo tu, kama unakanyaga makaa.

"Anachechemea."

"Sasa umeona," akasema mzee Parmuat. Hakunicheka. "Lakini mara ya kwanza ulinijibu kabla hujaangalia. Hiyo glasi haitakutibu."

Owino alicheka kwa niaba ya wote. Darubini ikawa yetu. Tulikula nyama ya kuchoma, tukapata mahali pa kulala, na Owino akasema kesho mapema tunageuza gari. Nikasema nataka kwanza tuijaribu pale kilimani, mahali pale pale, saa ile ile. Nilisema ni kwa ajili ya Daktari. Sikuwa nasema uongo wote.

KILIMANI

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe langu. Mvua ilikuwa haijafika upande ule, na nyasi zilikuwa zimekauka kama mwaka jana. Nilimtuma Owino ashuke asimame kando ya kile kichaka, pale mama alipokuwa anakata. Alilalamika njia nzima, nilimsikia. Alikuwa amevaa koti lake la kaki, ambalo rangi yake imekwisha kabisa, na nikaona ni vizuri, jaribio litakuwa gumu.

Nikachungulia kwenye darubini mpya. Owino alikuwa anatoa majani kwenye soksi. Niliweza kuona amekunja uso. Nikatabasamu, nikafikiri: basi, imekwisha, ningekuwa na hii yule mama angekuwa mzima.

Ile ya zamani nilikuwa nimekuja nayo, sijui kwa nini, kwenye begi. Nikaiweka machoni. Picha ilikuwa na mikwaruzo na ukungu wa manjano pembeni, na katikati alisimama Owino, mikono kiunoni.

Nikaishusha. Nikaangalia kwa macho yangu tu. Owino alikuwa pale, mdogo, lakini ni mtu, huwezi kusema ni kisiki wala mbuzi. Alinipungia mkono.

Nilikaa pale. Kisha yakarudi yote, bila kusukumwa. Asubuhi ile wawindaji walikuwa wamechelewa. Jua lilikuwa linapanda, na Daktari alikuwa amepiga mluzi mara mbili. Na upande wa kushoto wa bonde kanga walianza kutoka kwenye nyasi, wengi kuliko nilivyowahi kuona, wanatembea kwa mstari, na mimi nilikuwa nawaangalia hao. Nilikuwa na raha. Nilitaka niwe mtu aliyewapa wazee kundi lile. Mkono ukaenda kwenye kofia wenyewe. Upande wa kulia, kwenye kichaka, sikuwa nimeangalia hata mara moja. Wala kwa darubini, wala kwa macho.

Mwaka mzima nilikuwa najiuliza kwa nini sikumwona. Sikuwahi kujiuliza kama niliangalia.

Owino alipanda akihema. "Umeona?"

"Nimeona."

"Si nilikuambia? Ni glasi tu."

"Nimekuona bila glasi, Owino."

Alitafuta la kusema. Nilimhurumia, kwa sababu alikuwa ananitafutia mimi. "Omera, ndugu yangu, siku ile kulikuwa na vumbi."

"Hakukuwa na vumbi."

"Sasa unataka nini? Wazee wamemaliza. Mama amepona. Daktari anakupenda. Ukianza kusema maneno kama hayo, watakunyang'anya hii kazi, na wewe shamba lako ni mawe matupu."

"Najua," nikasema, na nikaanza kushuka upande wa boma la Mama Robi.

BOMA LA MAMA ROBI

Tulimwona kabla hatujafika nusu ya njia, maana alikuwa amevaa leso ya njano kali, yenye maua mekundu, na alikuwa anaimba. Alikuwa anatoka mtoni na ndoo kichwani, anaimba kwa sauti ya juu kabisa, wimbo hauko sawa hata kidogo. Tulisimama langoni tukabisha. Nilisema jina langu. Alinijua kwa jina.

Alituweka kivulini, akaleta maziwa lala kwenye vikombe. Alinipa changu kwa mkono wa kushoto. "Nisamehe nakupa na kushoto," akasema. "Huu mwingine haushiki tena." Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimenyooka, havikunjiki. Kukamua sasa anakamua binti yake. Basi nikapata jibu la mama wa mahindi.

Owino aliona nimenyamaza, akaanza. "Mama, tumekuletea uone hii glasi mpya. Tumeitafuta siku nne. Ile ya kwanza, unajua, ilikuwa imeharibika."

Akamsimamishia. Mama Robi alichungulia, akamwona ng'ombe wake mbali mtoni, akacheka. "Naona mpaka kupe," akasema. "Kwa hivyo hiyo ya kwanza ndiyo ilikuwa mbaya."

"Mbaya sana, mama," Owino akasema.

"Haikuwa mbaya," nikasema. "Mama, mimi sikuangalia."

Aliacha darubini. "Hukuangalia aje?"

"Nilikuwa naangalia ndege. Upande wako sikuangalia kabisa. Niliinua kofia tu. Ningeangalia ningekuona, hata na macho matupu. Leo nimemweka Owino pale pale, nikamwona."

Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. "Nilikuwa naonekana?" akauliza.

"Ulikuwa unaonekana, mama."

"Hata na ile leso?"

Sikujua anasema leso gani. Akanieleza, taratibu, kama mtu anayepanga vitu. Siku ile alikuwa amevaa leso ya kahawia, rangi ya nyasi zilizokauka. Tangu hapo mumewe na ndugu za mumewe wamekuwa wakimwambia: nani anakwenda kukata nyasi amevaa rangi ya nyasi? Ulijificha mwenyewe. Watu wa bunduki walifanya waliloweza, tena wakaleta ng'ombe. Naye alikubali. Akanunua hii ya njano, na hii ndiyo anavaa kila mahali, hata matangani, watu wanamcheka. Na kila akitoka anaimba ili asikike.

"Na mimi sijui kuimba," akasema. "Mwaka mzima nimeimba."

Owino alikuwa ameinamisha kichwa. Hapo ndipo upole wake ulipoanza, mkitaka kujua.

"Kwa nini hukuja na wale wengine?" akaniuliza.

"Niliogopa."

"Walisema uko na malaria."

"Nilikuwa nayo kidogo. Nilikuwa naogopa sana."

Akainuka, akachukua vikombe. Hakuwa analia, alikuwa na hasira, na hasira ile ilimkaa vizuri kuliko ile leso. "Kaa hapo," akasema. "Mimi umeniambia, na mimi siye niliyekuwa nasema nilijificha. Mzee anarudi na ng'ombe jioni, na ndugu zake. Utawaambia hayo hayo."

Tulikaa kutwa. Hakutufukuza wala hakutuchangamkia. Mchana alituletea ugali wa wimbi na mboga za kienyeji, kisha akaendelea na kazi zake. Owino alitengeneza lango lililolegea, bila kuombwa, na hakusema kitu. Mimi nilifikiria safari yetu ya kwenda Asumbi na Osiri kutafuta kitu cha kulaumu, nikaona jinsi tulivyozunguka mbali.

Mzee Chacha, mume wake, alifika jua likiwa bado liko juu ya kilima, na ndugu zake wawili nyuma ya ng'ombe. Nilisimama. Mama Robi naye alisimama, mlangoni, mikono ameikunja. Nikasema yote, kuanzia mluzi wa Daktari mpaka kofia, nikasema mkewe alikuwa anaonekana na leso yake haikuficha kitu. Ndugu mmoja alitaka kuingilia, mzee akamzuia kwa fimbo.

"Na wale wazee wenye bunduki wanajua hii?" akaniuliza.

"Watajua kesho."

"Watakufukuza."

"Inawezekana, mzee." Hapo mnajua kwa nini msimu huu anayepanda kilima si mimi.

Mzee alinigeuzia mgongo, akamwendea mkewe mpaka wakawa karibu sana, akasema naye kwa Kikuria. Alisema maneno machache, akasita, akasema mengi. Ndugu zake walitazama pembeni. Mama Robi aliikunjua mikono.

Mzee alipokwenda kufunga ng'ombe nikamsogelea mama, nikamwuliza amesema nini.

"Hayo ni yangu," akasema, akapita kwenda kuwatenganisha ndama na mama zao, na hakuimba.